Vibarua wa korosho wanatoroka katikati ya msimu, nifanyeje?

Swali: Nina mikorosho ekari 25 wilayani Nachingwea. Kila mwezi wa tisa nawafuata vibarua Newala na Tandahimba, watu kama 10, nawaleta kwa gari langu. Unga nawapa, pa kulala nawapa, malipo yanatoka chama cha ushirika kikishanilipa korosho. Msimu uliopita wanne walitoroka Novemba, korosho zikanyeshewa chini ya miti. Sasa wawili wao wamenishtaki kwa mtendaji wa kijiji, wanadai ujira na nauli ya kurudi kwao. Je, vijana wa siku hizi hawataki kazi, au kuna ninachokosea? Na hiyo nauli nadaiwa kweli?

Jibu: Ndugu yangu, vijana wa siku hizi tuwaache kwanza. Mtu aliyetoka Newala na kifurushi chake, akakaa shambani kwako wiki kadhaa akiinama chini ya mikorosho tangu asubuhi, kazi anaitaka. Alichokosa ni hela, na ameikosa kwa sababu umefunga malipo yake kwenye malipo yako. Maji, malazi na chakula navyo vina sehemu yake, nitavieleza. Lakini ukivirekebisha vyote ukaliacha hilo la malipo, Novemba ijayo korosho zitalala tena chini.

Fuata safari ya fedha yako. Korosho inaokotwa, inatenganishwa na bibo (tunda lake), inaanikwa siku mbili tatu, inapelekwa chama cha msingi, inapimwa na kupangiwa daraja, inapakiwa kwenda ghala kuu, inasubiri mnada, mnunuzi analipa, vyama vinaandaa orodha, makato yanatoka, ndipo benki inakuingizia. Mambo yakinyooka ni wiki mbili au tatu tangu ulipopeleka mzigo. Namba moja ya akaunti ikikosewa, au mzigo ukikosa mnada, ni mwezi na zaidi. Korosho zetu zinauzwa kwa utaratibu huo, unaoitwa stakabadhi ghalani, tangu msimu wa 2007/08, kwa hiyo kusubiri huku hakumshangazi mkulima yeyote. Wewe unasubiri ukiwa kwako, na muuza duka anakujua, anakukopesha. Kibarua wako anasubiri ugenini, mke anapiga simu kuuliza ada na sukari. Kwa maneno mengine, mtu maskini kuliko wote katika mnyororo huu ndiye anayekukopesha mtaji, tena bila riba.

Kuna upande mwingine ambao wakulima hawapendi kuusikia. Kibarua asiyelipwa hujilipa. Kilo tano za usiku zinakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa siri nje ya chama, anapewa bei ya kutupa lakini anapewa taslimu. Kabla hujaongeza mlinzi, hesabu umewachelewesha siku ngapi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta fedha ya ujira kabla hujawasha gari kwenda Newala. Tuseme una watu 10, thamani ya siku ni shilingi 8,000, kazi siku sita kwa wiki. Hiyo ni 480,000 kwa wiki. Ukitaka kuvuka wiki nne bila kutegemea mnada, unahitaji 1,920,000 mkononi, mbali na chakula. Kwa mkulima wa Nachingwea fedha hiyo inatakiwa itoke kwenye ufuta wa mwezi wa sita na wa saba, na mbaazi zinazofuata, iwekwe akaunti ya peke yake na isiguswe kwa harusi wala bati. Ikipatikana nusu tu, leta watu watano mwanzoni mwa msimu na uwaongeze malipo ya kwanza yakiingia. Watano wanaolipwa kila wiki wataokota zaidi ya kumi wanaonong'ona. Na mzigo wa kwanza usiulimbikize mpaka ujaze lori: peleka gunia za mwanzo chamani mapema, uwahi mnada wa mapema.

Siku ya kulipa iwe moja na isibadilike. Wengi hulipa Jumamosi jioni, na hapo ndipo Jumatatu inapokosa watu, maana msimu wa mabibo ndio msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Lipa asubuhi ya siku ya gulio, ili hela ifike kwa wakala wa simu na kutumwa nyumbani kabla haijafika kwenye kata ya uraka. Kuna wanaolipa kwa uraka wenyewe, eti vijana wanaupenda. Huo si ujira.

Sasa bei ya kazi. Wengi hapa hulipa kwa debe, na debe ndilo chanzo cha nusu ya magomvi: mwenye shamba analitaka lenye kilele, kibarua analisawazisha kwa kiganja. Nunua mizani ya kuning'iniza, ifunge kwenye tawi, kila mtu asome mwenyewe. Pima korosho mbichi palepale shambani, na bei iwe ya korosho mbichi. Ukipima baada ya kuanika uzito utakuwa umepungua, naye atahisi umemwibia hata kama hukumwibia.

Bei ya kilo usiikisie. Chukua watu watatu, mwepesi, wa wastani na mzito, waokote siku mbili kamili kwenye miti inayodondosha kawaida, kisha piga wastani. Tuseme mtu wa wastani amepata kilo 25 kwa saa nane, na thamani ya siku mmekubaliana 8,000: basi kilo ni shilingi 320. Hesabu hiyo inafaa msimu ukiwa umechanganya tu. Mwishoni mwa Septemba na tena msimu unapoisha, mtu anazunguka miti mingi kwa kilo chache, na bei ya kilo inageuka adhabu. Wiki hizo lipa kwa siku. Wiki za kati lipa kwa kilo, ukiweka sakafu: asiyefikisha kwa sababu miti haikudondosha, analipwa kima cha siku. Nikiangalia barua yako, wanne waliondoka Novemba, na ningependa kujua wiki zile ulikuwa unalipa kwa nini. Mara nyingi wanaotoroka ni wale waliopangiwa upande wa shamba wenye miti mizee.

Sakafu hiyo haiwezi kuwa chini ya kima cha chini cha serikali. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kilimo, sawa na kama 5,385 kwa siku ukigawanya kwa siku 26. Amri nyingine imeanza Januari 2026 na imepandisha viwango vya sekta binafsi, kwa hiyo anayelipa 5,000 kwa siku leo yuko chini hata ya kiwango cha zamani. Chukua nakala ya jedwali la kilimo ofisi ya kazi ya mkoa, Lindi, na kupanda kwa bei kusikukute umekwisha kuahidi.

Kila kibarua awe na kadi yake, anakaa nayo mwenyewe. Jalada gumu la daftari linatosha: tarehe, kazi, kilo au siku, shilingi alizopata, alichochukua, saini au dole gumba. Wewe unaandika hayohayo kwenye daftari lako, jioni hiyohiyo. Mashamba ya mkonge ya Lindi enzi za mkoloni, yaliyojaa manamba (vibarua wa mkataba) kutoka ng'ambo ya Ruvuma, yalikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote 30 zijae. Huko kusubirisha usikuige. Kadi yenyewe ni chombo kizuri, kwa sababu mtu anayeona deni lake limeandikwa kwa mkono wako hana haja ya kuondoka usiku.

Safu ya "alichochukua" iangalie kwa macho mawili. Sabuni, vocha, sigara, unga wa nyongeza: mwezi ukiisha kibarua anakuta amefanya kazi ya bure, na mwenye shamba naye kweli hakumbuki alimpa nini siku gani. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakiruhusu kukata deni bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Ukitaka kumkata kwa hasara, mfano amepoteza mashine, lazima iwe kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, aandikiwe jumla ya deni, na makato yasizidi robo ya ujira. Chakula kama ulisema ni cha bure, ni cha bure. Usikigeuze deni siku ya hesabu.

Umeandika kwamba unga unawapa, lakini si kiasi gani. Mtu anayeokota kutwa anahitaji unga gramu 700 kwa siku, maharage au mbaazi gramu 150, na mafuta vijiko vitatu vya chakula. Kwa watu 10 ni unga kilo 7, maharage au mbaazi kilo moja na nusu, mafuta kama nusu lita kila siku, chumvi, na dagaa mara mbili tatu kwa wiki. Ukipeleka unga peke yake, wataula na mabibo, na wiki ya pili matumbo yameharibika. Mpishi awe mmoja, analipwa kama wengine. Ukisema "wajipikie wenyewe", wanawake waliomo kwenye kundi watafanya kazi mbili kwa ujira wa moja.

Maji ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Watu 10 wanahitaji pipa moja la lita 200 kila siku, yaani madumu 10 ya lita 20: lita 50 za kunywa, 50 za kupikia na kuosha vyombo, 100 za kuoga. Kama kisima kiko kilomita mbili, mwenye baiskeli anabeba madumu matatu au manne kwa safari, kwa hiyo ni safari tatu au nne, karibu nusu siku. Hiyo ni kazi, ipangie mtu na uilipe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Waliotoka uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, wamekulia kwenye shida ya maji na hawatalalamika mapema. Utaona tu wanaharisha.

Banda la kulala liwe limeezekwa kabla ya mwisho wa Oktoba, si mvua ikishaanza. Wanawake wawe na chumba chao chenye komeo la ndani. Kila mtu apate kitanda cha kamba au kichanja, maana mkeka juu ya udongo msimu wa mvua ni homa na nyoka, na kila mtu chandarua chenye dawa. Malaria moja inakugharimu siku tatu mpaka tano za mtu huyo, na chandarua ni rahisi kuliko hapo. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko, matundu mawili, la wanaume na la wanawake, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni mlangoni. Hakuna uchawi hapo, ni kazi ya siku mbili za watu wawili.

Wakaanga korosho kambini waonye pia. Mafuta ya ganda yanaruka motoni, yanababua ngozi na kuacha jeraha linalochukua wiki, na moshi wake unawasha macho na kifua.

Hukutaja salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ila mwenye ekari 25 hapulizi peke yake, na kama vibarua haohao ndio wanaopuliza kuanzia mwezi wa tano au wa sita, hapo ndipo unapoweza kumharibu mtu. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni kama miti 28 kwa ekari, kwako ni 700. Kwa gramu 250 kwa mti, mzunguko mmoja ni kilo 175, mifuko saba ya kilo 25, na unarudia kila wiki mbili mpaka maua yapite hatari ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Mwili wa mpulizaji unapitiwa na vumbi hilo lote. Khanga usoni haizuii vumbi la salfa. Mpe barakoa ya vumbi, miwani inayoziba pembeni, shati la mikono mirefu, glovu, kofia na buti, kwa gharama yako, kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inavyotaka. Kila mashine iwe na watu wawili wanaopokezana, kwani ikijaa inazidi kilo 20 mgongoni na inatetemeka. Kupuliza kuanze alfajiri, umande ukiwa majani na upepo umetulia, kukome upepo unapoanza, kwa kawaida saa tatu au nne asubuhi. Anayepuliza asimame upande upepo unakotoka.

Dumu moja la maji safi liwe palepale shambani kwa ajili ya macho. Salfa ikikutana na jasho au machozi inachoma, na tiba ya kwanza ni kumwagia maji mengi kwa dakika 15, bila kufikicha. Waoge kwa sabuni kabla ya kula, nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Halafu kosa ambalo linaonekana kila kijiji: mifuko ya salfa imepangwa ndani ya banda la kulala, jiko liko mlangoni. Salfa inashika moto, na moshi wake unakaba koo. Itafutie kibanda chake, mbali na moto, na asivute mtu sigara karibu wala kujaza petroli mashine ikiwa ya moto.

Walio chini ya miaka 18 wasiguse kazi hiyo, wala wajawazito na wanaonyonyesha. Chini ya miaka 14 haajiriwi kwa kazi yoyote. Wazazi wakija na watoto, tafuta shule iliyo karibu kabla ya kuwapokea, kwa sababu mtoto aliye shambani Oktoba saa tatu asubuhi ataokota, hata useme nini. Mama anayenyonyesha ana haki ya saa mbili za kunyonyesha katika siku ya kazi, na ukilipa kwa kilo itabidi sakafu yako ya siku izibe pengo hilo. Wakija watu kutoka Msumbiji kupitia Ruvuma, ujue ajira ya asiye raia inahitaji kibali, na kuficha pasipoti au vitambulisho vyao ili wasiondoke ni kosa baya kuliko kukosa kibali.

Kabla ya kuwasha gari andika karatasi moja kwa kila mtu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira ileile ya 2004 kinataka jina, umri, jinsia, anuani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyohesabiwa. Ujira wa kilo haufuti saa za kazi: tisa kwa siku, 45 kwa wiki, siku sita, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Itunze karatasi hiyo miaka mitano baada ya kazi kuisha. Mkigombana na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuangukia wewe.

Mahali alipoajiriwa panakurudisha kwenye swali lako la nauli. Jibu ni ndiyo. Kifungu cha 43 kinasema mkataba ukiishia mahali pengine tofauti na alipoajiriwa, mwajiri amrudishe mfanyakazi na mizigo yake, au alipie usafiri, au ampe posho ya usafiri na ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Uliwafuata wewe kwa gari lako, kwa hiyo waliajiriwa Newala na Tandahimba. Hata ungemtuma nyapara awakusanye ingekuwa vilevile. Utasema waliondoka wenyewe. Utetezi huo ni mwembamba kama wakati wanaondoka ulikuwa hujawalipa, na ujira wa kazi waliyokwisha fanya unadaiwa kwa vyovyote. Kwa kuwa hawakufikisha miezi sita hawawezi kudai kuachishwa kazi isivyo haki, lakini madai ya ujira na nauli wanaweza kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa fomu namba 1, bila ada. Wakichelewa wanaweza kuomba kuongezewa muda, kwa hiyo usikae ukihesabu siku.

Malizeni kwa mtendaji. Chukua daftari lako, hesabu siku au kilo kwa jina, punguza tu kile wanachokiri wenyewe kwamba walikichukua. Nauli iwe ya basi Nachingwea hadi Masasi na Masasi hadi kwao kwa bei ya sasa, pamoja na mzigo. Andikeni nakala tatu: majina, tarehe, kiasi cha ujira, kiasi cha nauli, saini zenu, muhuri wa ofisi ya kijiji, kila upande moja na ya mtendaji moja. Waliotoroka walikuwa wanne na waliodai ni wawili. Hao wengine wawili haki yao ni ileile, wapigie simu kabla hawajaambiwa na wenzao kwamba umelipa.